Safu ya Kumi na Mbili

Mlango ulifunguka.

Wiki nzima mmeniandikia mkiuliza ni nani aliyekishika kitasa kile. Wengine mmesema Profesa. Mmoja, sijui alikuwa na njaa, amesema ni mpishi wa kantini. Tulieni basi, tuingie ndani.

Kwa uliyechelewa kujiunga nasi: Kibiriti, binti mfupi, mwembamba, mwepesi wa kuwaka kama jina alilopewa na wenzake, alikuwa peke yake katika chumba cha seli cha maabara yao. Ilikuwa saa sita na nusu mchana na wenzake walikuwa wanakula. Mkononi alishika sahani ya plastiki yenye vishimo tisini na sita, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa punje ya hindi. Ndani ya vishimo hivyo mlikuwa na seli za ngozi ya binadamu, zilizo hai.

Sahani haikuwa yake. Ilikuwa ya wifi yake, mke wa kaka yake.

Nayo ilikuwa imeinamishwa juu ya ndoo ya taka.

"Wifi?"

Roho ilimruka. Aliyesimama mlangoni alikuwa mwenye sahani, amevaa koti jeupe lililonyooka na barakoa imeshushwa kidevuni. Kibiriti aliinyanyua sahani upesi kama mtu anayetazama kitu kwenye mwanga.

"Nilikuwa naangalia rangi," alisema.

"Huku umeinama?"

"Taa ya huku ndiyo nzuri."

Wifi alimtazama, akaitazama sahani, akaitazama ndoo. Kibiriti alisubiri kelele. Hazikuja.

"Leo umegusa hamira?" Wifi aliuliza taratibu.

Hilo ndilo swali la kwanza katika maabara ile, hata kabla ya salamu. Anayeshika hamira asubuhi haruhusiwi kuingia chumba cha seli mpaka kesho yake. Hamira ni kiumbe hai. Chembe moja ikidondoka kutoka kwenye nywele itakula chakula cha seli zote, na kesho utakuta uji badala ya ngozi.

"Sijaigusa tangu jana," alisema Kibiriti.

Na hapo, msomaji wangu, hakudanganya. Tangu asubuhi aliikwepa hamira makusudi. Alikuwa amepanga.

"Basi sawa. Asante kwa kunitazamia." Wifi aliichukua sahani mikononi mwake, kwa upole, kama mama anayempokea mtoto kwa jirani. "Muda wake umeiva. Naipeleka kwenye mashine."

Asante! Wivu ukamwaka Kibiriti. Afadhali angetukanwa. Mtu akikutukana unapata pa kushika. Huyu alikuwa anateleza kama sabuni.

Msimhukumu haraka. Miaka mitatu binti huyu amekuwa akiilea hamira. Anailisha sukari, anaipasua kwa baridi na joto, anaichuja mpaka inabaki maji ya rangi ya asali. Wazo lilikuwa lake: kwamba ndani ya maji yale mna kitu kinachozikinga seli za ngozi na chembe haribifu, zile zinazoichakaza ngozi na kuizeesha kabla ya wakati. Alitaka siku moja yawe mafuta ambayo hata mfagia barabara anayeshinda juani anaweza kuyanunua. Alilisema hilo siku ya kwanza kazini, na Profesa, mkuu wa maabara, alimcheka, kisha akampa meza.

Lakini mtu wa hamira haingii kwenye seli. Kwa hiyo kila siku Kibiriti alisimama nje ya kioo, akimtazama mwingine akifungua matunda ya jasho lake. Na tangu miezi minane iliyopita, huyo mwingine alikuwa mke wa kaka yake.

Alimfuata Wifi mpaka kwenye chumba cha mashine.

"Si lazima usubiri," alisema Wifi bila kugeuka. "Nenda kale kwanza."

"Sina njaa."

"Kaka yako ameleta chakula. Kiko mapokezi."

"Ameniletea mimi?"

Wifi aliufungua mlango wa mashine. "Kinatosha wawili."

Mara kaka mwenyewe akachungulia mlangoni, mkanda wa vifaa vya umeme kiunoni. Alikuwa fundi umeme wa jengo la pili. "Mke wangu, nimeacha kontena kwa dada wa mapokezi. Ule kabla hakijapoa."

"Na mimi je?" Kibiriti alimdaka.

"Wewe si huwa huli mchana?"

"Nilikuwa sili wakati sina wa kuniletea."

"Haya, umeshaanza kuwaka," kaka alicheka, akaondoka zake akipiga mluzi.

Mashine ilimeza sahani. Ikanguruma. Kazi yake ni kupima rangi. Seli hutiwa rangi ya njano. Zilizo hai huila na kuigeuza zambarau, zilizokufa huiacha ilivyo. Zambarau ikikolea, uhai mwingi. Ni hesabu ambayo hata mtoto angeielewa.

Karatasi ikatoka. Wifi aliishika, akapumua kwa nguvu.

Safu tatu za kwanza zilikuwa na seli zenye afya, ambazo hazikuguswa na kitu. Zambarau nzuri. Safu tatu zilizofuata zilikuwa na seli zilizounguzwa kwa dawa kali bila kinga yoyote. Karibu zote zimekufa. Kisha zikaja safu tano za seli zilizokingwa na maji yale ya hamira kabla ya kuunguzwa. Zambarau iliyokolea kama wino, kuliko hata zile zenye afya!

"Wifi, umeona?" Wifi alimsogezea karatasi. "Umeona hamira yako?"

Kibiriti aliona. Lakini jicho lake lilikuwa limesogea pembeni, kwenye safu ya mwisho.

"Na hii ya kumi na mbili? Mbona nayo iko juu?"

"Ah, hiyo." Wifi aliikunja karatasi pembeni. "Jumanne seli ziliniishia nikiwa safu ya kumi na moja. Ya mwisho haikupata hata seli moja. Ila unajua pipeti ile ya kudondoshea maji, ya midomo minane, mkono unaenda wenyewe. Nikatia hamira mpaka safu ya mwisho, na leo nikatia rangi safu zote. Mashine imechanganyikiwa tu. Nitaifuta."

Akabonyeza kitufe. Safu ya kumi na mbili ikatoweka kwenye jedwali la skrini.

Mashine imechanganyikiwa? Kibiriti aliinama akaitazama sahani kwa macho yake. Vishimo vinane vya mwisho, ambavyo havikuwa na seli hata moja, vilikuwa zambarau.

Hapo ndipo alipoelewa.

Hakuna aliyeijua hamira ile kama yeye. Nguvu yake ya kupambana na chembe haribifu ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuigeuza rangi ya njano bila msaada wa seli yoyote. Wifi hakuosha hamira kabla ya kutia rangi. Sehemu kubwa ya zambarau ile haikuwa uhai. Ilikuwa hamira yenyewe ikicheza na rangi.

Jedwali lile zuri lilikuwa uongo.

Na saa nane kamili Wifi alikuwa analipeleka mbele ya wageni wa kituo kikubwa cha utafiti, waliokuja na nafasi moja ya masomo. Moja tu. Atakayewaridhisha angeondoka nao mwezi ujao.

Kibiriti alifungua kinywa amwambie. Nawaapia, alikifungua.

Simu ikalia. Ilikuwa ya Wifi. Aliyepiga alikuwa Mama, mama yake Kibiriti.

"Mwanangu!" Sauti ya Mama ilijaa chumba kizima, maana Wifi alikuwa na glavu na alibonyeza spika kwa kiwiko. "Ile dawa ya hamira lini utaniletea? Makunyanzi yananimaliza huku."

"Mama, bado ni ya kwenye sahani," Wifi alicheka. "Haijajaribiwa usoni kwa mtu."

"Nijaribie mimi! Huu uso umeshaona mengi. Leo ndiyo wageni?"

"Leo, Mama. Niombee."

"Nimefunga na kuomba tangu jana, binti yangu. Nafasi hiyo ni yako." Kisha akaongeza, "Na yule mwenzio yupo hapo? Mwambie ajifunze kwako kutulia."

Yule mwenzio.

Miezi tisa tumboni, miaka ishirini na sita chini ya dari moja, na leo yeye ni yule mwenzio.

Kibiriti alifunga kinywa. Mwache aende, alijiambia. Mwache asimame mbele ya watu na jedwali lake. Nitasubiri amalize, nitanyoosha mkono, nitauliza swali moja dogo. Halafu tuone nani atajifunza kwa nani.

Saa nane chumba cha mkutano kilikuwa kimejaa harufu ya chai na marashi ya wageni. Aliyewaongoza alikuwa mama mmoja wa makamo, mvi zimekatwa fupi, macho hayapepesi. Nitamwita Mgeni. Profesa aliketi pembeni yake, tai imemkaba, akitabasamu kama mwenye harusi.

Wifi alisimama. Alikuwa mzuri, siwezi kuwaficha. Alizungumza polepole, neno kwa neno, na ukutani jedwali lake liling'aa.

Kibiriti aliketi mstari wa nyuma, swali likimwasha ulimini.

"Kabla sijaendelea," alisema Wifi, "nataka mjue kwamba hamira hii si yangu. Ni kazi ya wifi yangu, aliyekaa pale nyuma. Miaka mitatu ameilea. Mimi nimeipokea tu."

Watu wote wakageuka. Mtu akapiga makofi. Profesa akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Uso wa Kibiriti ulimwaka moto. Alikuja na kisu, akapokewa kwa ua. Swali likarudi kooni na kukaa huko kama mwiba wa samaki. Alijiambia basi, yaishe, nitamnong'oneza baadaye, nitamwambia arudie kazi.

Lakini Mgeni alikuwa amevua miwani.

"Dada, sahani yako ina safu ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Jedwali lako lina kumi na moja."

Nawaambia, kijiko kilichokuwa kikikoroga chai kilisimama.

"Ya mwisho... haikuwa na seli," alisema Wifi. "Seli ziliisha."

"Haikuwa na seli. Uliweka nini humo?"

Macho ya Wifi yalizunguka chumba, yakatua mstari wa nyuma, yakakutana na ya Kibiriti. Halafu yakarudi mbele.

"Sikuweka kitu. Niliiacha tu..."

"Iliwekwa hamira na rangi!"

Aliyesema alikuwa Kibiriti. Alikuwa amesimama wima, hajui miguu ilimnyanyua saa ngapi. Mpaka leo ukimuuliza hakwambii kama alisimama kumwokoa mwenzake asimalize uongo ule, au kummaliza yeye. Nadhani hata yeye hajui.

"Endelea," alisema Mgeni.

"Safu ya kumi na mbili haina seli, lakini ni zambarau. Hamira inageuza rangi yenyewe. Ingetakiwa ioshwe kwanza ndipo rangi itiwe." Sauti ilikuwa inamkauka, lakini alipoanza kuizungumzia hamira yake ilimrudia. "Lakini ukichukua zambarau ya safu zile tano, ukatoa ile ya safu ya mwisho, bado kinabaki kitu. Kidogo. Kinazidi seli zisizokingwa. Hamira inasaidia, mama. Si kama wino tulioonyeshwa pale ukutani, ila inasaidia kweli. Inabidi ipimwe upya, vizuri."

Mgeni alimtazama kwa muda mrefu. Kisha, kwa mara ya kwanza, akatabasamu.

"Mtu anayejua kazi yake ni ndogo kiasi gani," alisema, "ndiye ninayemtafuta. Umeligundua hili lini?"

"Leo."

"Saa ngapi?"

Kibiriti alihisi shimo likifunguka chini ya viatu vyake.

"Saa saba kasoro."

"Sasa ni saa nane na nusu." Tabasamu lilikuwa limeondoka. "Ulimwacha mwenzako asimame hapa?"

Kibiriti aliketi. Profesa alikuwa ameacha kutabasamu kitambo, na jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Nyinyi wawili," alisema, "tokeni. Subirini nje."

Korido ilikuwa tupu. Wifi alisimama dirishani, Kibiriti akabaki ukutani, kati yao hatua nne na ndoo ya mfagiaji.

"Wifi," alianza Kibiriti, "nisamehe. Ningekuambia. Mama alipopiga simu..."

"Najua Mama alipopiga simu."

"Nilikuonea wivu."

"Kila mtu humu anajua unanionea wivu. Hata yule wa mapokezi anajua. Kontena nilikuwa nakuachia nusu kila siku, ulikuwa hugusi." Wifi aligeuka. Macho yalikuwa makavu. "Unadhani ni wewe peke yako?"

"Peke yangu nini?"

"Kaka yako akiniona nimechoka, anasema, dada yangu huwa hachoki. Profesa nikikosea, anasema, kamuulize Kibiriti. Hamira ya Kibiriti, wazo la Kibiriti, meza ya Kibiriti! Mimi ni mikono tu ya kumwagia vitu vyako kwenye vishimo. Mama ananipenda, ndiyo. Unajua kwa nini? Kwa sababu mimi ni mgeni, na wageni husifiwa. Usiku anamwambia baba yako, mwanangu mdogo atakuja kuwa mtu mkubwa. Nimesikia kwa masikio yangu kupitia ukuta."

Mama? Amesema hivyo?

"Na kuna lingine." Wifi alishusha sauti. "Ulisema ndani kwamba umeigundua safu ile saa saba kasoro."

"Ndiyo."

"Mimi niliiona saa nne asubuhi. Nilifungua kabati la joto, nikaona zambarau mahali pasipo na seli. Macho ninayo, wifi. Na chuo nimesoma. Nilijua maana yake palepale."

"Ulijua?"

"Nilijua. Na nikaifuta mbele yako nikitabasamu, kwa sababu niliitaka nafasi ile. Nilitaka mara moja tu katika maisha yangu isiwe hamira ya Kibiriti. Iwe seli zangu."

Yule mpole, yule wa asante, yule wa kusifiwa! Chini ya koti lile lililonyooka mlikuwa na moto ule ule uliomla Kibiriti. Ajabu ni kwamba hakufurahi. Alitamani kumkumbatia. Alitamani pia kumsukuma. Mikono ikakosa la kufanya.

Mlango ukafunguka. Profesa alitoka, jedwali la ukutani limechapwa kwenye karatasi mkononi mwake, kalamu nyekundu imelichora.

"Kibiriti," alisema. "Wageni wanataka kuandika jina lako."

Moyo ulimpasuka kwa furaha, kisha ukasimama. Profesa alikuwa hajamaliza.

"Wanasema kunyamaza kwako ni utoto, utakua. Ila kuna jambo hawawezi kuliacha. Safu haifutiki bure. Mwenzako aliifuta kwa kutojua, au alijua anachofanya? Kama hakujua, atarudia jaribio na maisha yaendelee. Kama alijua, leo ndiyo mwisho wake hapa, na sidhani kama kuna maabara itakayompokea tena. Wewe ulikuwa naye kwenye mashine. Nakuuliza wewe. Yeye simuulizi."

Wifi hakumwomba. Alitazama tu nje ya dirisha, na Kibiriti akaona jinsi pindo la koti lile lilivyokuwa likitikisika, ingawa korido ile haikuwa na upepo.

Neno moja. Alijua. Hilo tu. Ni kweli tupu, na kesho asubuhi angeamka na nafasi, na meza, na Mama, na kaka, vyote vyake peke yake kama zamani.

"Profesa," alisema Kibiriti.

"Nakusikiliza."

"Ni mimi niliyemwambia aifute."

Profesa alirudi nyuma hatua moja. "Wewe? Hamira yako mwenyewe? Ili aaibike?"

Kibiriti aliinamisha kichwa. Alikuwa ameitupa nafasi yake, na alijua. Lakini kifua kilikuwa chepesi, chepesi kuliko miezi minane yote, maana alikuwa na hakika na jambo moja: Wifi hatakubali. Wifi atageuka kutoka dirishani, atasema hapana Profesa, huyu anadanganya, na wote wawili watalia, na watayamaliza.

Profesa alimgeukia Wifi taratibu.

"Ni kweli haya?"

Wifi aliacha kutazama nje. Alimwangalia Kibiriti usoni, moja kwa moja, kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Pindo la koti lilikuwa limetulia.

"Ndiyo, Profesa," alisema. "Ndiye aliyeniambia."